Mwongozo wa Kuendesha Ligi ya Pointi ya Msimu Mzima kwa Wavuvi wa Ndoana wa Ufukweni

Kila msimu unapokaribia, watu wanaotaka kuanzisha ligi ya kuvua kutoka ufukweni huuliza maswali yale yale: tuhesabu kwa kilo au kwa sentimita, raundi ziwe ngapi, aliyetoka mikono mitupu apewe nini, na wawili wakilingana nani awe juu. Mwongozo huu unamlenga mratibu mwenye kundi la watu kati ya kumi na arobaini, anayetaka kumpata bingwa mmoja baada ya raundi kadhaa. Shindano la siku moja linaweza kusamehe kanuni iliyosahaulika, lakini la msimu halisamehi, kwa sababu dosari ya raundi ya 2 hubebwa kwenye msimamo hadi raundi ya mwisho, na kufikia wakati huo kila mshiriki anajua uamuzi wowote utakaotolewa utamnufaisha nani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa inapaswa kukamilika kabla ya mtu yeyote kutupa ndoana majini.

Kabla ya kuanza, hakikisha una vitu vifuatavyo:

- Orodha ya washiriki waliothibitisha, pamoja na mwandishi wa matokeo na msaidizi wake.
- Ruhusa ya kutumia ufuko, na nakala ya sheria za uvuvi zinazotumika mahali hapo: leseni, urefu wa chini wa kila aina ya samaki, samaki wanaolindwa na miezi iliyofungwa.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kwa msimu mzima.
- Mbao za kupimia zinazofanana, zenye urefu wa mita 1 na kizuizi upande wa pua, angalau ubao mmoja kwa kila wavuvi wawili, pamoja na utepe wa kupimia samaki wakubwa.
- Vibao vya namba za vituo, yaani mahali atakaposimama kila mvuvi, mfuko wa kura na filimbi inayosikika juu ya mvumo wa mawimbi.
- Karatasi za matokeo na penseli. Usitumie kalamu ya wino. Katika msimu wangu wa kwanza kama mwandishi, mvua ilinyesha saa moja kabla ya filimbi ya mwisho, na majina saba yakageuka doa moja la buluu. Penseli huandika hata kwenye karatasi yenye unyevu.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza, koleo la kung'olea ndoana, tochi za kichwani na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, ambayo matumizi yake yanaelezwa katika hatua ya 6.

Hatua ya 1: Panga raundi kwa kufuata maji

Raundi tisa za saa nne au tano kila moja zinatosha kumpambanua mvuvi stadi na aliyebahatika, na bado hazichoshi. Kosa la kawaida ni kuchagua tarehe kwa kutazama kalenda peke yake. Katika fukwe ambazo maji hujaa mara mbili kwa siku, muda wa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwa wiki moja jumla yake inakaribia saa sita. Hii ina maana kwamba raundi mbili zinazopishana kwa wiki moja, zikianza saa ile ile, zitakutana na hali zinazopingana: ya kwanza maji yamejaa, ya pili yamekupwa. Zikipishana kwa wiki mbili au nne, hali inakuwa karibu ile ile.

Kama ufuko wako huvulika vizuri maji yanapojaa tu, weka nafasi ya wiki mbili au nne kati ya raundi. Kama unataka kupima ustadi wa aina zote, weka wiki tatu, ili raundi zipishane. Binafsi napendelea wiki tatu, kwa sababu hakuna anayeweza kutawala msimu kwa kujua maji ya aina moja tu. Tazama pia bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, na maji mafu, ambayo husogea kidogo tu, kwani wakati wa bamvua mkondo unaweza kuburuta machubwi (vizito vinavyozamisha ndoana) ya washiriki wote hadi kwenye mishipi, yaani nyuzi za kuvulia, ya majirani zao, na nusu ya raundi ikaishia katika kufumbua mafundo.

Tenga tarehe mbili za akiba na uzitangaze tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Weka alama za samaki

Katika mwongozo huu, neno alama linahusu thamani ya samaki siku ya raundi, na neno pointi linahusu kile kinachoingia kwenye msimamo wa msimu. Ukizichanganya, mabishano yatakufuata.

Usihesabu kwa kilo isipokuwa sheria na desturi za kundi lako zinaruhusu samaki kuuawa, kwa sababu kupima uzito mchangani kwenye upepo ni kazi ngumu, na samaki anayesubiri mizani mara nyingi hufa. Urefu hupimwa kwa sekunde chache na samaki akarudi majini. Hata hivyo, sentimita zikijumlishwa hivi hivi huleta dhuluma: samaki watano wa sentimita 20 wanatoa 100, nao wanamshinda samaki mmoja wa sentimita 80, ilhali huyo mmoja, kwa kuwa uzito hukua takriban kwa mchemraba wa urefu, anakaribia uzito wa samaki 64 wa sentimita 20 wa aina yake.

Njia ninayoipendekeza ni kuzidisha urefu kwa urefu wenyewe, kisha kugawa kwa 100. Samaki wa sentimita 20 anapata alama 4, wa sentimita 30 anapata 9, wa sentimita 50 anapata 25 na wa sentimita 80 anapata 64. Sasa wale watano wadogo wana alama 20 kwa pamoja, na mkubwa anaheshimiwa bila kuwafanya wadogo kuwa bure. Simu yoyote inaweza kupiga hesabu hiyo, na ni vyema zaidi ukachapisha jedwali la sentimita 15 hadi 150 na kumpa kila mshiriki nakala.

Ongeza masharti manne. Sentimita hushushwa daima, yaani 43.8 ni 43. Samaki kumi bora tu ndio wanaohesabiwa kwa kila mshiriki katika raundi moja, ili asijitokeze mtu wa kukaa saa nne akikusanya vidagaa. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hupimwa kwa upana wa mwili, si kwa urefu unaojumuisha mkia, na mkunga, samaki mrefu kama nyoka, huhesabiwa nusu ya urefu wake kabla ya kuzidisha, la sivyo mkunga mmoja mwembamba atamshinda kolekole aliyemtoa mvuvi jasho. Mwisho, samaki aliye chini ya urefu wa kisheria, au wa aina inayolindwa, ana alama sifuri na hurudishwa papo hapo bila kupigwa picha.

Hatua ya 3: Geuza alama kuwa pointi za msimu

Hapa ndipo ligi nyingi zinapoharibika. Waanzilishi wengi hujumlisha alama za raundi zote na kumtangaza mwenye jumla kubwa. Tuseme jioni moja kundi la samaki linapita mbele ya mvuvi mmoja na kumpa alama 310, kisha raundi mbili zinazofuata anapata 0 na 8. Mwenzake anapata 64, 71 na 58 katika raundi hizo hizo. Kwa kujumlisha, wa kwanza ana 318 na wa pili ana 193, na bado raundi sita zimesalia huku wengi wakiwa wameshakata tamaa. Siku moja ya bahati imemeza msimu.

Tumia nafasi badala ya jumla. Gawa washiriki katika kanda, kwa mfano watu 24 katika kanda tatu za watu wanane, na kila ukanda ushindane wenyewe. Wa kwanza anapata pointi 8, wa pili 7, na kuendelea hadi 1. Yule mwenye alama 310 anapata 8, na raundi zake mbaya zinampa, tuseme, 2 na 3, jumla 13. Mwenzake aliyeshika nafasi ya tatu, ya pili na ya pili ana 6, 7 na 7, jumla 20. Msimamo sasa unamtambua anayevua vizuri kila mara.

Kanuni ndogo za kuandika hapa ni hizi:

- Wanaolingana kwa alama hugawana pointi za nafasi walizoshika. Wawili wakilingana katika nafasi ya pili, 7 na 6 hujumlishwa na kila mmoja hupata 6.5.
- Waliotoka mikono mitupu hugawana pointi zilizobaki. Watatu wakikosa kati ya wanane, pointi zilizobaki ni 3, 2 na 1, hivyo kila mmoja hupata 2. Wakikosa saba, mmoja aliyepata samaki ana 8 na wengine wana 4 kila mmoja. Wakikosa wote, kila mmoja ana 4.5.
- Asiyehudhuria hupata 0. Hivyo mtu aliyesimama kwenye baridi bila kuguswa hata na kaa anabaki juu ya aliyelala nyumbani, jambo ambalo ni haki yake.
- Ukanda wenye upungufu wa mtu mmoja bado huanza na 8. Ni nafasi ya chini ndiyo inayokatwa.

Hatua ya 4: Amua raundi zinazohesabiwa na jinsi ya kutenganisha waliolingana

Kati ya raundi tisa, hesabu sita bora za kila mshiriki. Watu huugua, husafiri na hufanya kazi mwishoni mwa wiki, na ligi inayomwadhibu mtu kwa kuhudhuria msiba itapoteza nusu ya wanachama wake. Isipokuwa moja: raundi ambayo mtu ameondolewa kwa kuvunja kanuni hupewa 0 na haiwezi kutupwa.

Andika pia, kwa mpangilio, kitakachowatenganisha waliolingana mwishoni: kwanza idadi ya raundi walizoongoza ukanda, pili jumla ya alama za samaki katika raundi zao zinazohesabiwa, tatu samaki mwenye alama nyingi zaidi. Usiiache kura iamue ubingwa wa msimu mzima.

Zawadi ya samaki mkubwa wa msimu iwe pembeni ya msimamo. Humpa aliye nafasi ya mwisho sababu ya kuja raundi ya 9.

Hatua ya 5: Gawa ufuko na upige kura

Weka vituo umbali wa mita 20 hadi 25 kutoka kimoja hadi kingine, na uache pengo la mita 50 kati ya kanda. Tembea ufuko wote maji yakiwa yamekupwa, siku moja au mbili kabla, ukitazama mifereji, matuta ya mchanga na miamba iliyojificha, kisha chora mipaka ya kanda ili kila moja ipate sehemu nzuri na mbaya.

Kura ipigwe hadharani asubuhi ya raundi, si kwenye simu usiku uliotangulia. Vituo vya pembeni, yaani cha kwanza na cha mwisho katika ukanda, vina faida kwa sababu upande mmoja hauna jirani, na mvuvi anaweza kutupa kwa mshazari kuelekea maji yasiyosumbuliwa. Weka kanuni kwamba aliyekalia kituo cha pembeni hawezi kukipata tena katika raundi inayofuata. Akikivuta, anabadilishana na anayevuta kura baada yake.

Hatua ya 6: Kagua usalama kabla ya filimbi

Hatari kubwa zaidi katika safu ya wavuvi ni chubwi linalokatika wakati wa kutupa. Chubwi la gramu 150 likikatika hupaa kama risasi, na mwelekeo wake haujulikani. Kila mshiriki afunge mbele kipande cha mshipi mzito chenye urefu unaozidi mara mbili ya fimbo yake, na nguvu yake iwe angalau kilo 4.5 kwa kila gramu 28 za chubwi, yaani takriban kilo 24 kwa chubwi la gramu 150. Mkague kila mmoja kwa mkono: pitisha kidole kwenye fundo na kwenye mita ya mwisho ya mshipi, na ukihisi mikwaruzo, mwambie akate na kufunga upya. Mwenye kukataa asitupe.

Tahadhari nyingine ni fupi lakini hazina mjadala. Hakuna anayeingia majini kupita magoti. Ngurumo ikisikika, fimbo zote hulazwa chini na watu huondoka ufukweni, kwa kuwa fimbo za nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na hawarudi hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Njia ya kuondokea ikaguliwe mapema, hasa pale maji yanapojaa nyuma ya kichuguu cha mchanga au kwenye miamba na kumwacha mtu kisiwani. Aliyechomwa na mwiba wa taa azamishe sehemu iliyochomwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, takriban nyuzi 45, huku akipelekwa kwa daktari. Hiyo ndiyo kazi ya ile chupa ya chai.

Hatua ya 7: Pima, shuhudia, andika

Mlolongo usibadilike hata mara moja. Mvuvi analowesha ubao na mikono, anamlaza samaki pua ikigusa kizuizi na mdomo ukiwa umefungwa, anaunyoosha mkia, na jirani yake anasoma sentimita kwa sauti. Jirani, si mwenye samaki, ndiye anayeandika muda, aina na urefu, kisha wote wawili wanatia sahihi, na samaki anarudi majini akiwa ameshikwa wima hadi apige mkia mwenyewe. Yote haya yanapaswa kuisha ndani ya dakika moja. Samaki ahesabiwe tu ikiwa shahidi amemwona akiwa hai. Kanuni hiyo peke yake huondoa majaribu ya kuja na samaki wa jana kwenye begi.

Samaki anayezidi sentimita 60 apigwe picha pamoja na kadi ya raundi, ambayo ni karatasi ndogo yenye neno linalotangazwa kwenye filimbi ya kwanza na kubadilishwa kila raundi. Simu iwe juu ya samaki moja kwa moja, kwani picha ya mshazari inaweza kumwongezea samaki sentimita mbili au zaidi. Papa na taa wakubwa wapimwe kwa utepe kwenye maji mafupi. Wasiburutwe hadi mchanga mkavu, wala wasiinuliwe kwa mkia.

Hatua ya 8: Funga raundi na utangaze msimamo

Filimbi ya mwisho ikilia, ndoana zote hutolewa majini. Samaki aliyekwisha kunasa kabla ya filimbi anaruhusiwa dakika kumi za kumalizia, mradi jirani ameona. Mwandishi asome matokeo ya kila ukanda papo hapo, kila mshiriki atie sahihi kwenye jumla yake, na pingamizi zipokelewe ndani ya dakika 30. Baada ya hapo karatasi imefungwa. Msimamo utakaotumwa uwe na safu mbili, jumla ya raundi zote na jumla inayohesabiwa, kwa sababu mtu akiona safu moja tu atadhani ameibiwa.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Raundi imekatizwa na hali ya hewa. Ikiwa nusu ya muda imepita, matokeo yanasimama. Ikiwa haijapita, raundi inafutwa na tarehe ya akiba inatumika. Tarehe za akiba zikiisha na zimebaki raundi nane, hesabu bado sita bora. Zikibaki saba, hesabu tano.

Mtu anaomba kujiunga katikati ya msimu. Mpokee, akianza na 0 kwa raundi zilizopita. Akijiunga baada ya raundi ya 3 hatakuwa na raundi ya kutupa, na hilo linatosha kuwa adhabu.

Mshiriki mmoja anaongoza kila raundi na wengine wananung'unika. Usibadilishe mfumo katikati ya msimu. Chunguza kwanza kura: kama amekuwa akipata vituo vya pembeni mara nyingi, kanuni ya hatua ya 5 haisimamiwi. Kama sivyo, basi anavua vizuri kuliko wenzake, na dawa yake ni kumwomba aonyeshe anavyofunga chambo.

Jirani anakataa kutia sahihi. Samaki awekwe kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa muda mfupi huku mwamuzi akiitwa, apimwe upya, na kipimo cha mwamuzi ndicho cha mwisho. Kama samaki ni mkubwa kuliko ndoo, piga picha tatu pamoja na kadi ya raundi na umrudishe. Uhai wake hausubiri mabishano.

Mishipi inajifunga kila raundi katika ukanda mmoja. Mkondo ni mkali kuliko machubwi yanayotumika. Weka uzito wa chini wa chubwi kwa ukanda mzima siku hiyo, au panua vituo hadi mita 30 hata kama itabidi ufuko urefushwe.

Hesabu imekosewa na imegunduliwa wiki moja baadaye. Kosa la kujumlisha hurekebishwa wakati wowote hadi mwisho wa msimu, na msimamo mpya hutumwa ukiwa na maelezo ya mstari mmoja kuhusu kilichobadilika. Kipimo cha samaki kilichokwisha kutiwa sahihi na wawili hakifunguliwi tena.